Moteli au Hosteli? Safari ya Binti Mmoja Kutoka Chicago Hadi Los Angeles

Binti wa dada yangu anaishi Chicago, na safari hii ameamua kuendesha gari peke yake hadi Los Angeles, akiifuata njia ya zamani ya Route 66. Ni kama kilomita 3,900 kupitia majimbo 8. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na kurudi mara mbili, bado hujazifikisha. Gari analo, likizo amepewa. Swali aliloniletea ni moja: "Mjomba, njiani nilale moteli au hosteli?" Nilidhani nitamjibu papo hapo. Haikuwezekana.

Kwetu hosteli ni bweni la wanafunzi, kwa hiyo tuelewane kwanza. Moteli ni nyumba ya wageni ya kando ya barabara: unaegesha gari mbele ya mlango wako, unaingia, unalala. Neno lenyewe lilitokana na mota na hoteli, na nyumba ya kwanza kulitumia ilifunguliwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925, katikati ya njia ya Los Angeles na San Francisco, pale ambapo dereva wa enzi hizo alikuwa ameshachoka. Hosteli ilianzishwa kwa ajili ya watembea kwa miguu. Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alifungua ya kwanza ya kudumu mwaka 1912 katika ngome ya Altena, ili vijana waliokuwa wakizunguka nchi wapate pa kulala. Hadi leo moteli utaziona kila unapochepuka kutoka barabara kuu, ilhali hosteli nyingi ziko katikati ya miji, ambako kuegesha gari usiku kucha kunaweza kukugharimu kuliko kitanda chenyewe.

Hapo ndipo hesabu ya bei inapowapotosha watu. Kweli, hosteli unalipa kwa kichwa na moteli unalipia chumba kizima, hata kitanda cha pili usichokilalia. Motel 6, kampuni ya moteli za bei nafuu, ilipoanza mwaka 1962 hiyo sita ilikuwa dola 6 kwa usiku, na dola hizo hazipo tena. Lakini msafiri wa basi na msafiri wa gari hawapigi hesabu moja. Mwenye gari aongeze maegesho ndipo alinganishe.

Kwangu mimi, hoja nzito ya moteli ni usingizi. Katika chumba cha hosteli chenye vitanda 8 vya dabodeka, mmoja anakoroma, mwingine anarudi saa tisa usiku, wa tatu anafungua mifuko ya nailoni alfajiri. Abiria wa treni atasinzia kesho yake kwenye kiti. Dereva akisinzia kwenye barabara iliyonyooka ya Texas, tunazungumzia msiba. Aliye peke yake hana wa kumpokea usukani wala wa kumwambia, "Dada, simama kidogo." Hilo sitalipunguzia uzito hata kidogo.

Usalama nao una pande mbili. Mlango wa moteli ya kizamani unafunguka moja kwa moja nje, na yeyote anayepita uwanjani anaweza kuubisha. Nimemwambia aombe chumba cha ghorofa ya juu na asitaje namba yake mbele ya watu. Hosteli nyingi zina chumba cha wanawake watupu, na mapokezi watagundua usiporudi. Moteli, mpaka saa ya kuondoka ipite, hakuna atakayeuliza.

Tena binti huyu ni mweusi, na barabara hii ina kumbukumbu. Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtu wa posta wa Harlem, mtaa wa New York, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea, kwa sababu nyingi ziliwafukuza. Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi huo, ilipopita mwaka 1964, moteli moja ya vyumba 216 huko Atlanta ilikwenda mahakamani ikidai haki ya kuwakataa. Mahakama Kuu ya Marekani iliikatalia mwaka huohuo, majaji wote kwa kauli moja, na sababu inafaa kukumbukwa: wateja wake wengi walitoka majimbo mengine, hivyo biashara yake iligusa safari za kati ya majimbo, ambazo Bunge la nchi lina mamlaka ya kuzitungia sheria. Kila ninapopewa ufunguo kaunta bila swali, nawafikiria waliolala ndani ya magari yao.

Na nyuma ya kaunta hizo siku hizi utawakuta Wagujarati wengi, Wahindi wenye asili ya Gujarat. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, wengi walikwenda Uingereza, lakini wapo waliofika Marekani wakanunua moteli, familia nzima ikiishi na kufanya kazi humohumo. Usishangae mzee wa mapokezi akisikia unatoka wapi akakujibu, "Karibu, habari ya safari?"

Lakini salamu ya kaunta ni dakika mbili. Baada ya hapo ni televisheni, kiyoyozi, na chakula cha mfuko kitandani. Siku 3 mfululizo za hivyo humchosha mtu kwa namna ambayo usingizi hauiponyi, na hili wanaosifia moteli hawalisemi. Jiko la hosteli linaliponya: mmoja anakata vitunguu, mwingine anauliza chumvi, na kabla wali haujaiva mmeshajua nani anaelekea wapi.

Njia yenyewe itamwamulia sehemu kubwa. Kati ya Oklahoma City na Albuquerque, hosteli ni adimu mno. Huko atalala moteli, mapema, kabla jua halijazama. Akifika Flagstaff, Arizona, namsihi asimame. Kuna jengo pale lililojengwa mwaka 1929 kama moteli ya madereva wa Route 66, kisha likageuzwa hosteli. Treni za mizigo hupita karibu usiku, kwa hiyo abebe vizibo vya masikio. Alale siku 2, gari lipumzike, na kwenye zile kilomita kama 130 za kwenda kwenye korongo kubwa la Grand Canyon akae kiti cha abiria, usukani ashike mtu aliyekutana naye jikoni.