Kiinua mgongo cha punda

Ng'ombe wa gari akichoka, mwenyewe anajua pa kumpeleka: buchani. Punda hana njia hiyo. Nyama yake kwetu haramu, basi siku anaposhindwa kuvuta mchanga au matofali hana bei tena, hufunguliwa kamba akajitafutie majaani. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuwachinja punda kwa ajili ya ngozi. Vyema, lakini marufuku haimpi punda mzee malisho. Na umri bado anao: akitunzwa hufika miaka 30, hata zaidi.

Huku shamba Unguja kuna kituo kinachowapokea. Yupo jike mmoja pale, mabegani ana mabaka ya nywele nyeupe, zilizoota juu ya vidonda vya nira. Usidhani anakula na kulala tu. Kwato hazikomi kukua, lazima zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 10, la sivyo hupinda akachechemea. Meno nayo hutoka ncha, hupigwa tupa. Maradhi ya punda ni ya kuchungulia, maana haonyeshi maumivu upesi. Mtunzaji hushtuka akimuona kaacha kula au kajitenga na mwenzake. (Na mwenzake lazima awepo.) Wageni wanaomletea mikate wanadhani ni hisani, kumbe unene humharibu kwato.

Wapo wanaoniuliza: watu hawajashiba, wewe unamlilia punda? Mimi siombi zaka. Punda huyu kajenga nyumba ya mtu na kusomesha watoto wake. Anachodai ni kiinua mgongo. Hadithi ya ngamia aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba bwana wake humtesa kwa njaa na kazi tumeisikia tangu chuo cha Kurani, halafu tunampita punda mwenye vidonda barabarani kama hatumuoni.

Kinachonikera kituoni ni kwamba kinaishi kwa pesa za watalii. Msimu wa mvua hoteli zikiwa tupu, punda wale wale, tupa ile ile, pumba zile zile. Kwa nini mgeni amlipie punda aliyembebea mchanga mwenye gari wa Fuoni? Kila gari la punda litoe kidogo kila wiki, tangu punda akiwa na nguvu zake. Daftari alishike sheha, kiongozi wa mtaa, au wenye magari wachaguane wenyewe, hapo sina ugomvi.