Marehemu wa Muyeye

Kanisani kwetu hapa Malindi ilifika mahali kamati ikachoka. Kila Jumapili kazi zilifanywa na watu walewale. Aliyefagia ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyehesabu sadaka, na ibada ikiisha ndiye aliyeinamia sufuria ya chai. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuitikia amina. Mchungaji akaanza kutuhubiria habari za karama. Akatupitisha Warumi 12, akatupitisha Wakorintho wa Kwanza 12, akatua kwenye Waraka wa Kwanza wa Petro 4:10, pale tunapoambiwa kila mmoja aitumie karama aliyoipokea kuwahudumia wenzake. Alipofika hapo akanitazama mimi. Ningesema alikuwa anamtazama aliyekaa nyuma yangu, ila nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Kisha zikaja fomu. Fomu za namna hii makanisa ya Marekani yanazitumia tangu miaka ya 1970. Unasoma sentensi, tuseme "Nikimwona mtu analia, nami hulengwa na machozi," halafu unajipa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Mwisho unajumlisha, na hesabu ndiyo inayokwambia Mungu alikuumbia kazi gani.

Mimi ni dereva wa tuktuk, kwa hiyo fomu yangu niliijazia steji, na steji hakuna siri. Mama mmoja wa Shela, Mwislamu, abiria wangu wa miaka, alinipokonya kalamu.

"Una subira wewe?" akasoma. "Tia sifuri. Juzi uliniacha barabarani na gunia langu la nazi."

"Mama, palikuwa na askari."

"Sifuri, mwanangu."

Mimi nilitaka mbili. Tukapatana kwenye moja. Swali la ukarimu walinijibia madereva wenzangu, na jinsi walivyocheka nimeamua kuwasamehe, maana kusamehe nako kulikuwa na alama zake ukurasa wa pili.

Matokeo yalisomwa na Katibu mbele ya watu wote. Bwana mmoja ambaye husinzia kabla ya somo la kwanza alitokea kuwa na karama ya maongozi. Mama wa Chai hakutokea na chochote, kwa sababu fomu yake ilirudi tupu: siku ya kujaza alikuwa jikoni akiwachemshia chai waliokuwa wakijaza. Mimi nikatokea na rehema, alama za juu kuliko kanisa zima. Mke wangu akainua mkono kuomba zihesabiwe upya.

Zikahesabiwa. Ni rehema.

Sasa, Warumi 12:8 inamtaka mwenye kurehemu afanye hivyo kwa furaha. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Mama Shemasi alitupa maagizo mengine pia: usikae juu ya kitanda cha mgonjwa, usimsimulie habari za mtu aliyekufa kwa ugonjwa kama wake, usiombe kuonyeshwa mshono, sala iwe fupi. Akanikabidhi kikaratasi. Mgonjwa wangu alikuwa mzee wa Muyeye aliyetoka kupasuliwa ngiri. Nyumba ya makuti, ina mwembe uani, mlango wa bluu.

Pale nilipotumwa, kila ua una mwembe na kila paa ni makuti. Tena wapo wavuvi, na rangi ikibaki baada ya kupaka mashua humalizikia mlangoni. Milango ya bluu ilinipokea pande zote mbili za njia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumfikisha India. Mimi nilipewa kikaratasi.

Nikachagua mlango uliokuwa bluu zaidi. Nilikuwa nimevaa shati la Jumapili, Biblia kwapani, machungwa kwenye mfuko.

"Hodi hapa!"

Akatoka mtoto wa kiume, kama miaka sita hivi. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Baba yuko?"

"Amelala."

"Anaendeleaje?"

"Amelala tu."

"Amekula?"

"Hajala tangu jana."

"Na usiku alilala?"

"Usiku hakulala kabisa."

"Maskini. Na mama yuko wapi?"

"Ameenda kutafuta pesa."

Nipeni mtu mwenye rehema ambaye angegeuza tuktuk hapo. Nilimpa mtoto machungwa nikaingia uani.

Mgonjwa alikuwa amelazwa chini ya mwembe kwenye kitanda cha kamba, kajifunika shuka gubigubi, utosi hadi nyayo. Nikasema homa hiyo. Nikamsalimu, kimya. Nikamwambia nimetumwa na kanisa, kimya. Nikaomba, na sala haikuwa fupi, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakuonyesha kuchoka. Nilipomaliza hakuna hata kidole kilichosogea. Nikakumbuka furaha. Furaha huja kwa wimbo.

Tatizo ni kwamba wimbo ninaoujua beti zote ni mmoja tu, ule tunaousindikizia jeneza kwenda makaburini. Nyingine huwa nazikamata kwenye kiitikio. Nikauimba, kwa furaha, na kwa sauti iliyokomazwa na kuita abiria juu ya mngurumo wa injini. Nikapiga na makofi.

Kina mama walikuwa wanarudi bombani na madumu yao. Walichokiona juu ya ua ni hiki: mtu kafunikwa hadi kichwani, pembeni yake mgeni aliyevaa nadhifu, ana Biblia, anaimba wimbo wa mazishi. Dumu la kwanza likaanguka. Kisha kikatoka kilio, na kilio Malindi hakihitaji simu.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi. Nilipoanza ubeti wa kwanza mgonjwa alikuwa hai. Sasa majirani zake, watu wanaomjua kwa jina na kwa baba yake, wanalia kwamba amekufa. Mimi mgeni niwapinge kwa lipi? Miguu ikaniisha nguvu. Nikafikiri, kumbe ndiyo maana wanasema mgonjwa anaweza kukuondokea mikononi.

Mzee wa mtaa alifika akihema. Akanishika bega. "Pole, kijana. Amefariki saa ngapi?"

Nikatazama saa. "Dakika tano zilizopita," nikasema. "Ubeti wa tatu."

Akaandika.

Sisi Wagiriama hanga, yaani matanga, hatulichezei. Muda mfupi tu vijana wakaingia na mkokoteni wa viti vya plastiki, wakauegesha nyuma ya tuktuk yangu. Daftari la michango likafunguliwa. Ukazuka ubishi wa wapi atazikwa, hapa au Ganda kwa baba yake, na wa Ganda walikuwa wakali kweli. Hawe mmoja, yaani bibi, mwenye mvi, anayejua kazi yake, akaenda miguuni, akafunua shuka kidogo, akafunga vidole gumba viwili pamoja kwa kitambaa, fundo la uhakika. Marehemu akavuta pumzi ndefu ya puani. Wa karibu naye walikuwa wanalia, hawakusikia. Mimi niliisikia, nikadhani ni mwembe.

Watu wakaanza kumsifu. Mtu mpole. Hakuwahi kumnyima jirani kitoweo. Mmoja akasema hata kulewa alilewa kwa adabu. Hapo akasimama bwana mmoja mwembamba, akakohoa, akasema anaona uchungu kulitaja jambo hili msibani, lakini familia ijue kwamba marehemu ameondoka na deni lake la injini ya mashua, shilingi elfu mbili.

"Nilikulipa!"

Sauti ilitoka ndani ya shuka.

"Nilikulipa mbele ya shemeji yako, mwongo wewe!" Shuka likaruka, marehemu akasimama amfuate mdai wake, na vidole vikiwa vimefungwa alipiga hatua moja tu kabla ya kuliangukia lile rundo la viti. Sikumbuki sauti nyingine yoyote baada ya hapo isipokuwa viti na makuti, kwa maana watu hawakutafuta mlango, walipita kwenye ua. Mshika daftari alipita na daftari na michango. Hawe aliyefunga fundo ndiye aliyewatangulia wote, na umri wake ule.

Mimi nilikimbilia tuktuk. Nyuma kuna mkokoteni, mbele kuna mwembe. Nikakaa ndani, nikafunga macho.

Yule mvuvi, maana ndivyo alivyokuwa, mvuvi aliyekesha baharini na jarife lake na kurudi alfajiri, akabaki amekaa chini katikati ya viti. Mkewe ndiye aliyekuwa amepeleka samaki sokoni. Akatazama huku na huku, akamwona mwanawe anamenya chungwa.

"Nani amekufa?"

"Wewe," akasema mtoto.

Sijui tungemalizaje bila Mama wa Chai. Anakaa nyumba chache kutoka hapo. Alisikia kilio, na yeye akisikia kilio haulizi cha nani, hubandika maji kwanza. Akaingia na sufuria kichwani na beseni la mahamri kiunoni, akaona mtu mzima kafungwa vidole, akatua, akatoa kisu chake cha jikoni akakata fundo, akammiminia kikombe. Hakuuliza neno. Baadaye ndiyo akaniita, "Wewe wa rehema, shuka huko, gawa vikombe."

Watu wakarudi kwa ngazi za ushujaa: watoto, kina mama, kisha wanaume, wakisema walikwenda kuita msaada. Bwana mwembamba hakurudi. Viti si vilikuwepo? Tukakaa. Marehemu akanywa vikombe vitatu akitaka kujua ni nani hasa aliyesema alikuwa analewa kwa adabu.

Mkewe akatokea na ndoo tupu, akakuta mkutano mzima uani kwake na mumewe katikati. "Sherehe gani hii, jamani, mimi sikuambiwa?" Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumjibu.

Ndipo mlango wa tatu wa bluu ukafunguliwa, ule uliofifia, akatoka mzee kajikunja, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye mshono. Tangu atoke hospitali alikuwa amekataa katakata kushuka kitandani, licha ya daktari kumwamuru atembee. Akafika hatua kwa hatua.

"Nani ametutoka?"

"Hakuna, mzee," tukamwambia.

Akalitazama beseni. "Basi mahamri haya ya nani?"

Ikabaki michango, shilingi 1,350. Mvuvi alidai zote ni zake, zimetolewa kwa jina lake na zimeandikwa. Wachangaji nao wakazidai, kwamba masharti hayakutimia. Mzee wa mtaa alifikiri sana, akaamua: nauli ya mkokoteni itoke humo, unga na sukari ya Mama wa Chai itoke humo, na kitakachobaki apewe marehemu, kwa kuwa ameghilibiwa usingizi. Mama wa Chai alizikataa zake. Mvuvi alipokea, akahesabu mara mbili.

Ripoti yangu kwa kamati ilikuwa ya kweli, neno kwa neno. Niliandika: mgonjwa mmoja ametembea, marehemu mmoja ameamka. Sijui dereva gani mwingine katika kaunti hii ana ripoti kama hiyo. Nikaongeza habari ya Eutiko, Matendo 20, yule kijana aliyesinzia dirishani Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, wakamwokota wakidhani amekwisha. Paulo hakufukuzwa kazi.

Mama Shemasi aliisoma akaiweka chini. Mchungaji ndiye aliyejaribu kunifariji, akaniambia Malindi ina desturi ndefu ya watumishi wapitaji na misiba, kwamba hata Fransisko Ksaveri, yule mmisionari Mkatoliki, alipotia nanga hapa mwaka 1542 akielekea India, alimzika mtu wa meli yake.

"Na mtu yule aliamka?" nikamwuliza.

"Hakuamka."

"Sawa, Mchungaji."

Kamati ilikaa bila mimi. Wakazungumza jioni nzima, nikiwa nje nawasubiri niwarudishe makwao mmoja mmoja, kama ninavyofanya baada ya kila mkutano, sababu usiku magari ni shida na wengine ni wazee. Nilipomfikisha Katibu kwake alikaa kidogo bila kushuka. Akaniuliza nimekuwa nikiwabeba hivi tangu lini. Nikamwambia sikumbuki. Akaniuliza kwenye ile fomu niliandika wapi jambo hili. Nikamwambia hakuna swali la tuktuk.

Siku hizi nawabeba wagonjwa kwenda kliniki, na Jumapili nawakusanya wakongwe kuwaleta ibadani. Yule mzee nilimpeleka kutolewa nyuzi, akalalamikia matuta njia nzima. Mama wa Chai bado yuko jikoni, na fomu yake bado tupu, Katibu ameacha kuifuatilia. Kwangu mimi kamati imeweka masharti mawili kwa maandishi, na Mama Shemasi ameyabandika kwenye kioo cha mbele ambapo kila abiria anayasoma: dereva asishuke, na dereva asiimbe. Yule mvuvi, ambaye sasa mimi nampelekea mkewe ndoo zake sokoni kila alfajiri kwa nusu nauli, anasema hilo la pili peke yake lingetosha.