Anayekuna Nazi Ukutani

Mimi ni mtoto wa Tandika, Dar es Salaam. Kwetu kazi ya ukuta ni kuzuia mwizi na macho ya majirani, basi. Upepo ukitaka kupita tunaukaribisha, tena tunautobolea matundu juu ya dirisha usihangaike. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya ualimu Njombe sikuuliza habari za kuta. Nilibeba shuka mbili.

Julai ya kwanza ikanijibu bila kuulizwa. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na chumba nilichopanga kilikuwa cha tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo, nyufa kila kona. Mafuta ya nazi niliyotoka nayo nyumbani yalikuwa jiwe kuanzia Mei hadi Agosti. Nilikuwa nalala na koti, soksi na kofia, kama mtu anayesubiri basi la alfajiri. Nikaapa: nikijenga yangu, ukuta utavaa sweta.

Miaka ikapita, nikaoa, nikapata kiwanja, nikapata na fundi. Mzee mpole, haongei mpaka amalize kikombe chake cha ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, tulaze au tusimamishe?"

Ukisimamisha tofali, ukuta unakuwa mwembamba na tofali zinabaki. Ukilaza, ukuta unanenepa na mfuko unakonda. "Kwa huku ulaze," akasema, "halafu upige lipu ndani na nje. Baridi itagonga, itachoka, itarudi ilikotoka."

Ningemsikiliza, nisingekuwa na cha kuandika. Tatizo nilikuwa nimesoma. Usiku mmoja, simu ikiwa ndani ya blanketi, nilikutana na habari za wenzetu wa Ulaya wanaojenga kuta mbili zenye pengo katikati, kwa sababu hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Fizikia ya sekondari, naifundisha mwenyewe! Hata blanketi halina joto lake, linashika hewa tu. Nikazidi kushuka. Kumbe Finland na Sweden watu wa zamani walikuwa wanajaza pumba za mbao kwenye pengo la ukuta. Nikaketi kitandani. Njombe hii, mji wa misonobari na mashine za kupasua mbao, pumba ni vilima. Wenye mashine wanakushukuru ukiziondoa. Nikarudi kusoma: "Kabla ya kujaza, hakikisha..."

Bando likakata.

Sikujua nihakikishe nini, lakini hakika nilikuwa nayo.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga hesabu kwa kijiti mchangani. "Kwa hiyo tofali ni zilezile za kulaza, ila wewe unataka katikati uwekewe shimo."

"Si shimo, mzee. Pengo."

"Pengo," akakubali, na ufundi akauhesabu mara mbili, kwa kuwa kuta ni mbili. Msingi ukaongezwa upana. Pengo likawa vidole vinne, na kila mstari wa nne tofali moja likavuka kuzishika kuta zisiachane. Nje nikakataa lipu, nilitaka tofali zionekane kama kwenye picha. Pumba nikaleta Kenta mbili, zimetoka mashineni siku hiyohiyo, mbichi, zinanukia utomvu. Vijana wakawa wanamimina kwa ndoo kutoka juu huku wakishindilia kwa mti. Pale juu, chini ya kenchi, tukapaacha wazi. Nani atapanda huko?

Tulihamia Novemba. Nikawa nawaalika walimu wenzangu waje kuugusa ukuta. Watu wazima na digrii zao wanapapasa ukuta wa sebule yangu na kusema, "Kweli, kuna tofauti." Walikuwa wanasubiri chai.

Mvua za Njombe zikija haziondoki mpaka zimalize shughuli zao. Februari, nyuma ya kochi, pale ukuta unapokutana na sakafu, nikaona kitu cheupe kimechungulia kwenye ufa. Kesho yake kikavaa kofia. Uyoga. Ndani ya sebule! Nilimwita fundi, akachuchumaa, akanusa. "Huu sijui kama unaliwa," akasema kwa masikitiko ya kweli, kana kwamba hilo ndilo nililomwitia.

Nikaukwangua, nikasogeza kochi, nikanyamaza.

Julai akaja mama mkwe kutoka Tanga. Alishuka kwenye basi amevaa baibui juu ya sweta juu ya sweta, na mkononi ana kikapu cha nazi kumi na mbili, kwa sababu alisikia binti yake anapikia mafuta. Nikamwonyesha chumba cha wageni, nikamweleza habari za pengo. Akasema, "Mashallah, baba," kwa sauti ile ya kumwambia mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano.

Asubuhi nikamkuta jikoni, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Umelalaje?"

"Marahaba baba. Sikulala. Humo ukutani kuna mtu anakuna nazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Usiku uliofuata niliweka sikio ukutani, na wallahi, ilikuwa ni mbuzi ya nazi kabisa: krr, krr, krr, kimya, kama anageuza kifuu, halafu krr tena. Mke wangu akasema ni panya. Mama mkwe akasema panya hawakuni nazi kwa zamu. Usiku wa tatu alikesha anasoma Yasini akiwa ameuelekea ukuta, na ndani yake kazi ikaendelea bila adabu yoyote.

Fundi akaja na patasi. "Tutoe tofali moja tu, Mwalimu, tuchungulie."

Lile tofali lilikuwa usawa wa goti, jirani na kitanda. Lilipolegea tu, pumba zikaanza kumwagika, kwanza kidogo, kama mtu anayekohoa, halafu kama mahindi gunia likipasuka. Fundi akajaribu kuziba kwa kiganja. Akaziba kwa goti. Akaomba ndoo. Katikati ya mmwagiko ule akatoka panya mmoja, mnene, ana vumbi la mbao kwenye masharubu kama seremala, akatutazama bila haraka. Nyuma yake ukoo mzima.

Mama mkwe alikuwa juu ya kitanda kabla sijaona alivyopanda, kanga mkononi, kandambili mkono wa pili. "Hao hao wakuna nazi! Baba, mlango! Sanduku! Jamani, sanduku langu!" Mmoja alishaingia kwenye sanduku la nguo, na huko ndiko tulikomkuta saa kumi jioni, ndani ya soksi.

Pumba zilipokoma zilikuwa zimefika uvungu wa kitanda. Fundi akapanda juu na tochi, akamulika ndani ya pengo. "Mwalimu, huku juu hamna kitu." Kuanzia lenta kwenda juu ukuta ulikuwa mtupu; pumba zilikuwa zimejishindilia zenyewe miezi yote ile. Tukatoboa chini zaidi: nyeusi, zimelowa, zina joto kama mbolea. Mvua ilikuwa inapenya tofali zisizo na lipu, inavuka kwenye yale matofali ya kushikanisha, inatua chini, inasubiri.

Nikanunua bando nikamalizia kusoma. Hakikisha pumba zimekauka kabisa. Changanya na chokaa kuzuia wadudu na panya. Ziba juu.

Tulitumia siku nne kuutapisha ukuta. Jirani mwenye shamba la parachichi alizichukua zote akatandaza chini ya miche, na miche hiyo, ukipita pale leo, imenipita urefu. Pengo tumeliacha tupu, juu limezibwa, nje pamepigwa lipu, na nyumba ina joto la kutosha. Mama mkwe bado hupiga simu, na kabla ya salamu huuliza, "Ukuta umekula?"

Mwaka jana tuliongeza jiko la nje. Fundi alisimama na timazi lake, tofali la kwanza mkononi, akanitazama.

"Mwalimu, hili nalaza. Au una bando?"

Nikamwambia alaze.