Kantari ya pamba bila jiwe lake ni chuma chakavu

Anayeuza kantari ya kale ya pamba, ile mizani ya kutundika, bila jiwe lake, yaani uzito unaosogezwa kwenye mtange, anauza pambo la ukutani, na bei yake iwe ya pambo. Zinazotoka kusini mwa Marekani zimejaa mitandaoni: mtange, yaani ufito wenye alama, wa chuma uliopakwa rangi nyeusi ukang'aa, kulabu tatu, na jiwe lililotolewa kwenye kantari nyingine, kama lipo. Muuzaji anaandika "iko kamili". Haiko.

Kule Mississippi na Alabama, kabla mashine hazijashika mashamba, mchumaji alilipwa kwa kila pauni 100, yaani kilo 45 na kidogo, za pamba mbegu, ile ambayo bado ina mbegu zake. Upimaji ulifanyika shambani penyewe. Kantari ilitundikwa kwenye mti wa mbele wa gari la nyumbu, ukiwa umeinuliwa na kutegemezwa, au kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu. Zilihitajika kama pauni 1,500 za pamba mbegu kupata robota moja la nyuzi la pauni 500, kwa hiyo magunia yaliyopita kwenye kulabu ile kwa msimu mmoja yalikuwa mengi.

Mtange una alama kwenye kingo zote mbili. Kulabu moja hubeba mzigo; mbili ni za kutundikia, kila moja upande wake. Ukitundika kwa ile iliyo mbali na mzigo, unapata upande mwepesi. Ukipindua mtange na kutundika kwa ile iliyo karibu, unapata upande mzito, wa magunia yaliyojaa. Alama za kusoma ni zile zilizo juu wakati huo. Wengi wanaopiga picha za vitu hivi wametundika upande mmoja na jiwe wameliweka kwenye alama za upande wa pili.

Sasa hilo jiwe. Tuseme kantari ilitengenezwa kwa jiwe la pauni 4. Mtu akilitoboa chini na kumimina risasi mpaka lizidi kwa wakia 4 tu, yaani robo pauni, jiwe litasawazisha mtange likiwa karibu zaidi na kulabu, na gunia la pauni 80 litasomeka 75 au 76. Mchumaji kapoteza zaidi ya pauni 4, na kwa macho huoni kitu, kwa sababu mtange umelala sawa kabisa. Jiwe likiwa jepesi kuliko linavyotakiwa, hasara inahamia kwa mwenye shamba. Ndiyo maana nakereka na wakusanyaji wanaochanganya mawe kwenye sanduku moja kama misumari: jiwe la pauni 5 kwenye kantari ya pauni 4 litalishusha gunia lile lile chini ya 70.

Wizi haukuhitaji hata kutoboa jiwe. Gunia la turubai, mara nyingi la futi 9, liliburutwa nyuma ya mchumaji kwa mkanda wa begani. Kwenye pembe ya chini alitia tumba bichi la pamba au kokoto, akazungushia waya nje na kuacha kitanzi. Wakati wa kupima, mkanda na kitanzi vyote viliingia kwenye kulabu, gunia likaning'inia likiwa limekunjwa mara mbili. Kitanzi kikikatika, mkia wa gunia hugusa ardhi na uzito husomeka pungufu. Mpimaji alitoa uzito wa gunia tupu, na kama aliukadiria badala ya kuupima, mchumaji aliumia tena. Wachumaji nao walikuwa na yao: pamba ya alfajiri yenye umande, mawe katikati ya gunia. Ila aliyesoma alama na kuandika daftarini alikuwa mwenye shamba au msimamizi wake. Hawakuwa sawa hao wawili.

Msukuma hahitaji kufafanuliwa haya. Malalamiko ya mizani kwenye vituo vya wanunuzi yaliwafanya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, waweke watu wao wa kuisimamia, na mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kama lilivyoitwa wakati huo, chini ya kiongozi wa ushirika Paul Bomani.

Kwa aliyekwisha kununua: usiguse kantari kwa mashine ya kusaga chuma. Ncha kali za egemeo ndizo roho yake. Zikiwa butu, mtange unakuwa mzito wa kuitika. Mafuta ya taa, brashi ya shaba na mafuta mepesi vinatosha. Kisha ning'iniza kilo 20 kamili, dumu na maji pamoja, ulizozipima kwenye mizani unayoiamini. Inatakiwa isome pauni 44. Rudia kwa kilo 40, isome 88. Ikikosea kwa kiasi kile kile mara zote mbili, shuku kulabu ya mzigo, huenda imebadilishwa. Kosa likikua mzigo unapoongezeka, shuku jiwe.

Kama jiwe limepotea, ning'iniza kilo zako 20 na weka kifuko cha mchanga kwenye alama ya 44. Ongeza au punguza mchanga mpaka mtange ulale sawa, halafu jaribu kwenye 88 kwa kilo 40. Zikikubali zote mbili, pima kifuko. Huo ndio uzito wa jiwe unalolitafuta, na usinunue jingine lolote hata likiwa zuri namna gani.