Mali kauli na simu ya bosi

Mtu akiuza duka lake Kariakoo utasikia bei ya mzigo, kodi ya fremu, mashelfu, basi. Wale wateja wa Mbeya na Tunduma wanaopiga simu asubuhi kuagiza mzigo hawatajwi kabisa, wakati duka limesimama kwa ajili yao. Hata kwenye uhasibu, kiwango cha kimataifa cha mali zisizoshikika, IAS 38, hakiruhusu wateja uliowajenga mwenyewe waingie kwenye mizania kama mali.

Sasa angalia mali kauli. Muuza jumla anakupa marobota ya vitenge kwa neno tu, ukiuza unampelekea hela yake, benki gani itakufanyia hivyo bila hati ya nyumba? Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, aliyeunguliwa na mzigo wote alibaki na watu wa kuwapigia simu tu.

Shida ni kwamba hayo yote yako kwenye simu na kichwa cha mtu mmoja. Nimeona duka la familia likifungwa miezi michache baada ya baba kufariki, mzigo upo, watoto wanajua kuuza, ila hakuna aliyejua nani anadaiwa nini wala mzee alikuwa anachukua mali kwa makubaliano gani. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kuna wanaosema ingiza kila kitu kwenye programu. Sawa, ila mteja aliyezoea kuulizwa habari za watoto ukianza kumtumia meseji ya "Ndugu mteja" anaona umemtupa, na aliyekuamini miaka kumi ukimletea mkataba asaini atakuuliza leo umeanza kuniona mwizi? Halafu kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, namba za watu sio za kugawa hovyo.

Lakini undugu nao una gharama, yule unayemuonea aibu kumdai ndo anakuja na deni la miezi sita kuchukua mzigo mwingine.

Mimi nasema deni liandikwe siku hiyohiyo na mtu wa pili alione, maana ugomvi mwingi niliouona umeanzia kwenye kusahau, sio wizi. Salamu ziendelee kwa sauti. Na huyo mtu wa pili, awe binti yako au kijana wa dukani, nenda naye kwa muuza jumla, akae, anywe chai, ajulikane sura na jina wakati wewe bado mzima.