Karl Lueger wa Vienna: Maji Safi, Ulimi Mchafu

Sehemu kubwa ya maji wanayokunywa watu wa Vienna hutoka milima ya Hochschwab, kilomita 180 hivi kutoka jijini, kupitia mfereji uliojengwa enzi za meya Karl Lueger. Ulizinduliwa Desemba 1910. Yeye alikuwa amefariki Machi mwaka huohuo, baada ya miaka 13 madarakani. Katikati ya jiji hilohilo imesimama sanamu yake, ambayo mwaka 2020 ilipakwa neno "Schande", yaani aibu.

Wanaomsifu wana hoja. Mtoto huyu wa mtumishi wa chuo, aliyesomea sheria, alikuta gesi ya jiji mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Manispaa ikajenga mitambo yake yenyewe, ikaanza kazi 1899. Umeme na tramu vikafuata, kisha makao ya wazee ya Lainz mwaka 1904, na mwaka uliofuata ukanda wa misitu kuzunguka jiji ukalindwa usijengwe. Hata hivyo, tusimpe kila kitu: mfereji wa kwanza wa maji ya milimani ulifunguliwa 1873, na waliokuwa wakiongoza jiji ni waliberali, mahasimu wake wa baadaye.

Sasa ulimi wake. Mafundi na wenye maduka madogo walikuwa wakibanwa na viwanda na maduka makubwa. Lueger akawapa wa kumlaumu: Myahudi. Kura zikamiminika. Kaisari Franz Joseph wa Austria alikataa mara kadhaa kumthibitisha kuwa meya, na Sigmund Freud, daktari Myahudi wa jijini humo, alijiburudisha kwa sigara za ziada siku mojawapo Lueger alipokataliwa, lakini 1897 Kaisari alisalimu amri.

Watetezi husema hayo yalikuwa maneno ya jukwaani tu. Alikuwa na marafiki Wayahudi. Hata siasa aliianza bega kwa bega na Ignaz Mandl, Myahudi. Kwangu mimi, utetezi huu ndio unaommaliza. Aliyelishwa uongo akauamini, unaweza kumhurumia. Huyu aliujua kuwa ni uongo, akauuza.

Ni kweli hakuua mtu, na si haki kumtwisha waliyoyafanya Wanazi Vienna baada ya kuitwaa Austria 1938. Lakini kijana Adolf Hitler alikuwa akiishi jijini humo Lueger alipozikwa, na baadaye alimsifu kwa maandishi. Hitler alikuwa ameona kwamba chuki inaweza kushinda uchaguzi katika jiji kubwa la kisasa, tena ikiwa imevaa suti ya wakili.

Vienna yenyewe inasitasita. Mwaka 2012 barabara yenye jina lake, mbele ya chuo kikuu, ilibadilishwa jina. Kuhusu sanamu, mwaka 2023 ulichaguliwa mpango wa kuiinamisha nyuzi 3.5 kuelekea kulia badala ya kuing'oa. Nyuzi tatu na nusu! Mpita njia mwenye haraka anaweza asitambue kitu.