Keshia Hahitaji Kuamriwa Atabasamu

Katika semina za huduma kwa wateja hapa Kampala, iwe ni za watu wa benki, supamaketi au hoteli, kuna sentensi isiyokosa: "Tabasamu kwanza, furaha itafuata yenyewe." Mkufunzi akisikia watu wanaguna, huongeza kwamba sayansi imethibitisha. Kuna kitu sayansi imethibitisha, ni kweli. Ila ni kidogo mno kubebeshwa mzigo wa keshia anayesimama tangu asubuhi akifokewa na watu wasiotaka kupanga foleni.

Jaribio linalonukuliwa sana ni la mwaka 1988, la mwanasaikolojia Fritz Strack na wenzake. Watu walitazama katuni huku wameshika kalamu mdomoni. Wengine waliibana kwa meno bila kuigusa na midomo, hali inayovuta mashavu kama mtu anayecheka. Wengine waliibana kwa midomo peke yake, hali isiyoruhusu tabasamu. Kwa kipimo cha 0 hadi 9, wa meno walizipa katuni wastani wa 5.14 na wa midomo 4.32. Tofauti hiyo haifiki hata alama moja, lakini ilitosha kuingia katika vitabu vya vyuo vikuu. Mwaka 2016 maabara 17 zililirudia jaribio hilo, na tofauti iliyobaki ilikuwa alama 0.03, yaani karibu na sifuri.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya watu 3,878 kutoka nchi 19. Kalamu haikuonyesha jambo la kueleweka. Lakini walioiga picha za watu wanaotabasamu, na walioelekezwa wavute pembe za midomo kuelekea masikioni na kuinua mashavu, walisema wanajisikia furaha zaidi kuliko waliobaki na uso mtulivu. Hata wasipoonyeshwa chochote cha kufurahisha, athari ilikuwapo. Kwa hiyo uso hupeleka taarifa ubongoni na ubongo huitumia, pamoja na taarifa za tumbo lenye njaa, miguu iliyochoka na bosi aliyenuna. Katika baraza hilo, shavu lina kura moja tu.

Habari ya mkao imevumishwa hata zaidi. Wengi wamefundishwa kwamba ukisimama dakika mbili umeshika kiuno na kutanua miguu kabla ya usaili, homoni za mwili zinabadilika na woga unakwisha. Chanzo ni utafiti wa 2010 uliokuwa na watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu 200: washiriki walisema wanajisikia wenye nguvu kidogo, lakini homoni hazikubadilika, wala namna walivyoamua mambo. Mwaka uliofuata Dana Carney, aliyeongoza ule utafiti wa kwanza, alitangaza wazi kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ni ya kweli. Semina zetu bado hazijapata barua hiyo.

Kujikunyata ndiko kwenye ushahidi unaoshikika. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2015, watu 74 walifungwa migongo kwa utepe wa tiba ya viungo, baadhi wakiwa wamenyooka na baadhi wamepinda, kisha wakapewa kazi ya kutoa hotuba ya ghafla. Waliofungwa wamenyooka walisema wana woga mdogo na moyo mkunjufu zaidi. Uzuri wa utepe ni kwamba hakuna aliyekuwa anaigiza ushujaa. Mwili uliwekwa tu mahali.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakufunzi wanaonakili slaidi za Marekani huliruka. Buganda na Busoga, mwanamke hupiga magoti kumsalimia mkubwa, na hapo anaweza kuwa na furaha tele, sauti inacheka, habari za nyumbani zinaulizwa moja baada ya nyingine. Mwili umeshuka chini lakini hakuna aliyeshindwa. Anayefundisha kwamba kila kujishusha ni udhaifu, na kila kifua mbele ni kujiamini, atamharibia kijana usaili mbele ya mzee atakayeona hana adabu. Angalia uti wa mgongo na pumzi. Unyenyekevu wa mtu uache ulivyo.

Sasa, kinachofaa kufanywa kaunta, wakati mteja anayegombea chenji bado yuko hatua tatu mbali. Anza na taya. Meno ya juu na ya chini yasigusane, ulimi ulale nyuma ya meno ya juu, midomo ifungwe kwa ulaini. Watu wengi hubana taya kutwa bila kujua. Ukiweka vidole mbele kidogo ya sikio na kuuma, utahisi msuli unatuna, na ndio huo unaotakiwa kulala. Kisha fungua ndita: inua nyusi mara moja, ziachie zishuke zenyewe. Tabasamu halijaitwa bado. Ukilibandika juu ya taya iliyobana unapata kukenua, na mteja hulitambua, kwa sababu mashavu yanapanda huku macho hayashiriki. Duchenne, daktari Mfaransa, alishaeleza mwaka 1862 kwamba msuli unaozunguka jicho hautii amri kirahisi kama ule wa shavu.

Baada ya uso, kidari. Usivute mabega nyuma. Hilo ndilo kosa kubwa la wanaoambiwa "nyooka": wanakaza mabega, kiuno kinajipinda kwa ndani, na baada ya dakika tano misuli inachoka wanarudi kukunjamana kuliko mwanzo. Inua mfupa wa kati wa kifua upana wa kidole kimoja hivi, acha mabega yaning'inie, uzito wa miguu ugawanyike sawa. Halafu pumua: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara kumi na mbili, ambazo ni kama dakika mbili. Mapigo ya moyo hupungua kasi wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Ukisikia kizunguzungu au vidole vinachomachoma, unavuta hewa nyingi mno; punguza kiasi cha hewa, mwendo uache vilevile.

Haya hayamgeuzi mtu aliyekosana na mwenye nyumba jana usiku kuwa mwenye bashasha. Yanampunguzia joto kidogo, kiasi cha kusema "ssebo (bwana), ngoja tuhesabu pamoja" badala ya kujibu mapigo.

Wenye maduka ndio wenye kazi kubwa. Tangu mwanasosholojia Arlie Hochschild alipoandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kuvaa uso usiolingana na moyo, siku nzima, huambatana na uchovu wa kazi. Kinachochosha kidogo ni kutafuta sababu ya kumwonea mtu huruma: huyu anayefoka huenda ametoka hospitali ya Mulago kuangalia mgonjwa. Hilo linafundishika, lakini haliwezi kukaguliwa kwa kamera, na nadhani ndiyo maana mameneja hupenda kuagiza tabasamu.

Kuna wanaoweka kioo kidogo kwenye meza ya mfanyakazi ili ajione akinuna. Kwa anayepokea simu kioo kina maana: kutabasamu kunavuta midomo, njia ya sauti inafupika, na msikilizaji huisikia tofauti hata asipomwona. Kwa keshia kiondolewe, zile pesa zinunue kigoda kirefu ambacho akikikalia viwiko vinafika usawa wa kaunta, na awepo mtu wa kumpokea dakika tano kila baada ya saa mbili.